Gari gani ya spoti inafaa kwenye koni? Miata, 86, S2000, Corvette na wenzao

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mtasoma hapa juu tu afu mnasepa: kama unataka kuingia kwenye otokrosi na mfuko wako ni wa mshahara wa kawaida, tafuta Mazda Miata iliyotumika lakini imetunzwa, na hela itakayobaki iweke kwenye tairi. Ndo hivyo. Sasa nyie mnaotaka kujua kwa nini sio Corvette, kwa nini sio Subaru, na inakuwaje jamaa mwenye gari ya nguvu farasi 400 anapigwa na mama mtu mzima mwenye kigari cha 116, kaeni tuongee vizuri, nitakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Nikisema otokrosi msiwaze vumbi. Kenya wanayo ya udongo, na bagi zao na watoto wa klasi ya Bambino, ile ni ligi nyingine kabisa. Hii ninayoizungumzia ni ya huku Marekani, mchezo wa lami: inachukuliwa pakingi kubwa ya uwanja wa mpira au ranwei ya zamani isiyotua ndege, zinapangwa koni za rangi ya chungwa mpaka uwanja mzima unaonekana umemwagiwa, halafu mnapita gari moja moja mnashindana na saa. Hakuna mtu wa kugongana naye. Raundi moja ni sekunde 30 mpaka 60 na kitu, imeisha. Wakubwa wa mchezo ni SCCA, chama cha magari ya spoti kilichoanzishwa 1944, programu yao inaitwa Solo, na kila Septemba fainali za taifa zinapigwa Lincoln, Nebraska, juu ya zege la uwanja wa zamani wa ndege za jeshi. Ila huku mitaani vilabu ni vingi, unalipa ada kama dola 50 au 70 hivi na unakuja na gari ileile ya kwendea kazini, hamna anayekucheka.

Niseme pia kidogo kuhusu siku yenyewe maana ada ni hela yako na una haki ya kujua unanunua nini. Unafika saa moja asubuhi, gari inakaguliwa: betri imefungwa haichezi, nati za matairi zote zipo, breki haizami, hamna kinachovuja, na ndani hutakiwi kuwa na kitu chochote kinachoweza kuruka, sio jeki, sio chupa ya maji, mpaka ile chaja ya simu iliyopotelea chini ya siti utaitoa. Helmeti kama huna wanakuazima, leta kitambaa cha kuvaa kichwani ndani yake utanishukuru. Gari refu jembamba, zile za kukaa juu juu, mara nyingi zinarudishwa getini kwa sababu zinaweza kupinduka. Halafu mnatembea kozi kwa miguu, na hii sehemu usiidharau kabisa, kozi ni mpya kila siku na hakuna mazoezi, ukiingia raundi ya kwanza ramani yote iko kichwani mwako au haipo kabisa.

Baada ya hapo mnagawanywa, nusu mnaendesha na nusu mnafanya kazi uwanjani, kuokota koni zilizoangushwa na kuripoti kwa redio, kisha mnabadilishana. Unapata raundi nne, tano, siku nzuri sita. Piga hesabu mwenyewe: siku nzima umesimama juani na kuendesha umeendesha kama dakika tano. Hilo ndo lalamiko langu kubwa kwenye mchezo huu na sioni litatatuliwaje, anayetaka kuendesha saa nzima aende treki akaandae pochi nzito. Kila koni chini yake imechorwa chaki, ukiiangusha au ukiisukuma ikatoka kabisa nje ya mchoro wake unaongezewa sekunde 2, ikibaki inagusa mstari umepona. Ukipita pasipotakiwa raundi yote imekufa.

Spidi zenyewe hazitishi ukizisikia kwa mdomo, mara nyingi hufiki hata kilomita 100 kwa saa, unaweka gia namba mbili unabaki humo humo. Lakini ukiwa ndani aisee, kila sekunde kuna kitu cha kufanya, hujamaliza kona hii nyingine imeshafika, na macho yako yasipokuwa koni mbili au tatu mbele basi unaendesha ukiwa umechelewa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na hapa ndo watu wanakosea wakichagua gari. Wanasoma nguvu ya injini. Sasa chukua slalomu, ile sehemu koni zimepangwa mstari mmoja unapita kulia kushoto kulia kushoto. Miata ya kwanza ina upana wa sentimita 167 na nusu, Corvette C5, yaani ya kizazi cha tano, ni karibu 187. Maana yake mwenye Corvette kwenye kila koni inabidi asogeze gari yake pembeni zaidi ya mwenye Miata, na aisogeze ikiwa na kilo 400 za ziada, na arudi. Koni sita zikiisha Miata imepita karibu na mstari ulionyooka na Corvette imecheza taarabu. Ukija kwenye uzito ndo kabisa, kila kilo unaibeba kwenye kona na kwenye breki, na kwenye otokrosi kona na breki ndo kozi yote, sehemu ya kunyoosha mguu ni kidogo mno. Nguvu inasaidia, sikatai, ila inakuja nyuma ya tairi, uzito, upana na kuona koni zako vizuri.

Gari ninazozitaja hapa nyingine zimekuwa zangu, nyingine nimechangia na washkaji maana huku ni kawaida watu wawili kutumia gari moja siku ya mashindano, na nyingine nimekaa siti ya abiria nimeng'ang'ania mlango.

Miata basi. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago 1989, hii ya mataa ya kufumbua, injini 1.6, nguvu 116, uzito unazungukia tani moja. Ukiisoma kwenye karatasi unaona huruma. Ukiiingiza kwenye koni inalala kama jahazi kwenye upepo wa kusi, yaani mtu aliyesimama nje anadhani unapinduka, lakini tairi zote zimeshika na wewe ndani umetulia. Raha yake ni kwamba haina ghafla. Mkia ukitaka kutoka unausikia kiunoni mapema kabisa, unarudisha usukani kidogo, unaendelea. Ukiingia kona na spidi kubwa pua inateleza taratibu, unapunguza mafuta, inarudi. Kwa mtu anayejifunza hiyo ndo shule, kwa sababu raundi tano tu kwa siku huwezi kuzipoteza unaogopa gari. Na tairi zake ni ndogo, rimu za inchi 15 au hata 14, bei yake ukilinganisha na za Corvette utacheka. Ubaya: kutu kwenye vile vizingiti chini ya milango, hasa gari zilizokaa mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani, inua zulia uangalie usidanganywe na rangi mpya. Paa la turubai lililochanika linaingiza maji na maji yanazidisha hiyo kutu. Na injini kwenye kozi ndefu inagonga mwisho wa mizunguko ukiwa namba mbili, unabaki unajiuliza upandishe tatu au uvumilie, mimi navumilia.

Ile mpya, ND, iliyoanza 2015, ni kilo kama 1,060 na ni ya haraka hasa. Tafuta ya kuanzia 2019 kama mfuko unaruhusu, injini ya lita 2 ilipanda kutoka nguvu 155 mpaka 181 na inazunguka mpaka 7,500, hiyo shida ya kugonga mwisho ikapungua sana. Ikitoka kiwandani inalala vilevile, Mazda wanaipenda hivyo sijui kwa nini, lakini kanuni za klasi za chini, yale makundi ya gari zisizobadilishwa sana, zinakuruhusu kubadili shokapu na bar moja ya kuzuia gari kulala, watu wengi wanaweka bar nene ya mbele na gari inakuwa nyingine. Nikiambiwa nichague gari moja tu ya kushindana kesho, na mimi ndo nailipia tairi, hii ndo naichukua.

Toyota GR86, na pacha wake Subaru BRZ. Hii nampa kila mtu mwenye mtoto. Siti za nyuma zipo, ni za jina tu kwa mtu mzima lakini mtoto anakaa, na ukizilaza tairi nne za mashindano zinaingia ndani na buti inafungwa, nimejaribu zinaingia. Toleo la kwanza la 2012 lilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu 200, na kuna shimo katikati ya mizunguko unakanyaga mafuta hakuna kinachotokea, sijawahi kulizoea. Pia lilikuja na tairi za Michelin Primacy, zilezile unazozikuta kwenye Prius, kwa hiyo lilikuwa linateleza kila mahali watu wakasema jinsi linavyodrifti, kumbe tairi ya kubania mafuta. La kuanzia 2022 lina injini ya 2.4, nguvu 228, lile shimo limezibwa, na difu ya Torsen nyuma inakutoa kwenye kona bila tairi moja kuzunguka bure. Kwenye koni inakaa sawa sana, mbele na nyuma zinaongea lugha moja, na unakaa chini kabisa. Ila ni nzito kuliko ND kwa zaidi ya kilo 200 na kwenye slalomu ya koni zilizobanana unazisikia hizo kilo, gari inachelewa nusu pumzi kurudi upande wa pili. Kwenye kona ndefu inalipa deni.

Honda S2000 ina mashabiki wenye hasira kwa hiyo naongea polepole. Injini ni balaa, lita 2 bila taabo (turbo), nguvu 240, ile ya kwanza AP1 inapiga mizunguko karibu 9,000 na ukiwa huko juu hutaki kubadili gia maisha yako yote. Gia yenyewe ni fupi tamu, sijaona bora. Gari ni nyepesi kiasi, uzito umegawanywa nusu kwa nusu. Lakini AP1 haisamehi mtu anayeachia mafuta katikati ya kona. Miata ingekuonya, hii inageuka inatazama ulikotoka, na wala hupati muda wa kushtuka. Honda wenyewe walilainisha miguu ya nyuma kwenye AP2 ya 2004 ikawa na adabu zaidi, na Marekani wakaweka injini ya 2.2 yenye pumzi ya chini kidogo, kwa koni mimi naipenda hiyo zaidi. Usukani wa umeme una kasi nzuri ila hauleti habari nyingi kutoka kwenye lami. Bei sasa hivi imepaa kwa sababu zilikoma 2009 na wakusanyaji wameanza kuzificha, na kuichezea koni gari ya bei hiyo kila wiki roho inauma. Aliyenayo tayari, ashinde tu. Anayetaka kununua ya kujifunzia, asinunue.

Corvette. Naongelea C5 Z06, za 2001 mpaka 2004, kwa sababu ndo Corvette ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua na ndo imeshinda koni miaka na miaka. Injini ya lita 5.7, nguvu 405 kuanzia 2002, uzito kilo 1,415, na giaboksi imewekwa nyuma ili uzito usilundikane mbele. Watu wanaidharau wanasema gari ya wazee wastaafu. Waache. Ukiweka namba mbili hutoki tena, chini kabisa kwenye mizunguko midogo inavuta, unatoka kona unagusa mafuta na kozi inakuja kwako yote kwa pamoja. Tairi za mbele ni 265 na nyuma 295, inashika hasa. Mtu anayeijua akiingia nayo mara nyingi ndo muda bora wa siku nzima kwa saa tupu, bila kupiga hesabu za klasi.

Sasa kwa nini nisikwambie uinunue? Kwanza siti. Zile siti hazikubani popote, kwenye kona ya kulia unamwangukia mlango na usukani unageuka kitu cha kujishikilia badala ya kuongozea. Kuna ujanja: rudisha siti nyuma kidogo, vuta mkanda kwa nguvu mpaka ujifunge, kisha sogeza siti mbele huku umeushikilia, unabaki umekazwa kama mzigo. Unasaidia, ila ni ujanja wa kulazimisha. Pili huoni pua inaishia wapi, boneti ni refu na limeinama, koni ya karibu inapotea na unabaki kukisia, na kila ukikisia vibaya ni sekunde 2. Tatu, na hili ndo kubwa, nguvu inaficha makosa. Umeingia kona vibaya, umechelewa, haijalishi, unakanyaga unafidia. Mwaka mzima muda wako uko sawa na hujajifunza kitu. Mwenye Miata akiingia kona vibaya anakaa na lile kosa mpaka mwisho wa sehemu iliyonyooka, akili inamrudi. Na tairi nne za saizi hizo ukishazilipa ndo utanielewa.

Kuna hesabu inaitwa PAX ambayo kila klasi imepewa namba chini ya moja, unazidisha na muda wako, inatoka namba ya kulinganisha gari dogo na kubwa. Hapo ndo utaona yule mama wa Miata yuko juu na jamaa wa 405 yuko ukurasa wa pili. Wengi hawaangalii hiyo orodha, wanaangalia ya saa tupu afu wanakwenda kununua taabo kubwa.

Subaru WRX STI. Najua, najua. Sisi wa Afrika Mashariki Subaru tumeinyonya na maziwa, ule mlio, Safari Rally, sijui nini. Kwenye udongo na matope nakubali sina neno. Kwenye lami kavu yenye koni zilizobanana ni gari inayokuchosha. Ni kama tani moja na nusu, injini imening'inia mbele kabisa ya ekseli, kwa hiyo ukiigeuza kwa haraka pua inakataa, inanyooka na njia yake, na wewe umekaa umekata usukani mpaka mwisho unasubiri ikukumbuke. Afu taabo: unakanyaga mafuta sasa nguvu inakuja baadaye, na baadaye tayari kuna koni. Wanaozijua wanaanza kukanyaga mafuta kabla ya kona haijaisha, wanacheza na ile swichi ya difu ya katikati kupeleka nguvu nyuma, wanaweka kemba kubwa (kuinamisha tairi kwa juu kuelekea ndani) kwenye tairi za mbele, na gari inakubali, lakini ni kazi na hela. Ila mvua inyeshe. Mvua ikinyesha tu wale wote wenye gari za kuvuta nyuma wanatembea kwa vidole na STI, inayovuta kwa tairi zote nne, inaondoka nayo, hiyo siku mwenye nayo anaongea sana msimpinge.

Nilitaka kuipita Lotus Elise haraka kwa sababu wangapi wataiona, lakini kuna jambo la kuwafurahisha washkaji wa Dar na Nairobi: injini ya Elise zilizouzwa Marekani kuanzia 2005 ni 2ZZ ya Toyota, hiyohiyo iliyokuwemo kwenye Corolla RunX Z mnayoiona mtaani. Hiyohiyo, lita 1.8, inabadilika sauti ikipita mizunguko 6,000 na kitu. Tofauti ni kwamba hapa imewekwa nyuma ya mgongo wako kwenye gari ya kilo 900 isiyo na pawa stelingi. Sijawahi kushika usukani unaoleta habari kama ule, unajua jiwe dogo limepita chini ya tairi gani. Inageuka kabla hujamaliza kufikiria. Lakini kuingia ndani unavuka kizingiti kipana huku umejikunja, bei ni ya mtu asiye na ada za shule, na ukiigonga bodi ni faiba, sio ya kupigwa nyundo kwa fundi wa jirani.

Porsche Cayman nayo injini iko katikati, tulivu, breki nzuri kupita zote nilizozitaja, kama una hela ichukue usiniulize mimi. Ila za kabla ya 2009 uliza kwanza habari za beringi ya IMS, ile ya shafti ya kati ndani ya injini ambayo ikifa inaua injini, kabla hujasaini chochote.

Na wale mnaopenda gari za kuvuta mbele, Ford Fiesta ST, zilizouzwa huku 2014 mpaka 2019, 1.6 taabo, nguvu 197. Bei nafuu, na inachekesha: kwenye kona kali mguu wa nyuma wa ndani unanyanyuka hewani kabisa kama mbwa kwenye nguzo, ndio inavyotakiwa, hapo ndo inageuka. Shida inakuja kutoka kona, haina difu ya kubana kwa hiyo tairi ya ndani inachoma moshi bure ukiwa na haraka ya kukanyaga. Mguu mwepesi inakupenda.

Tumefika kwenye tairi, na hapa ndo muda wako wote ulipo. Klasi za gari za kawaida zinataka tairi yenye namba 200 au zaidi ya uchakavu, ile iliyoandikwa ubavuni, na makampuni wametengeneza tairi za mashindano wakaziandika 200. Yokohama A052 na Bridgestone RE-71RS ndo utaziona kwenye kila gari ya anayeshinda. A052 inashika kuanzia mita ya kwanza haihitaji kupashwa, lakini jua la huku Texas likiwaka na mmechangia gari watu wawili inapata joto ikaanza kuyeyuka, raundi ya nne umeshaipoteza. Ndo maana utaona watu wamebeba yale mabomba ya kunyunyizia dawa mimea, wanazunguka gari wanalowesha tairi kati ya raundi. Mgeni anashangaa, akija tena na yeye analo. RE-71RS inavumilia joto zaidi, mimi nikiwa nachangia gari naweka hiyo. Saizi ya Miata ni dola 200 na ushee kwa tairi moja, na ukitoka kwenye tairi ya kawaida kwenda kwenye hizi unaokota sekunde ambazo huwezi kuzinunua kwa injini yoyote.

Upepo nao. Nunua rangi nyeupe ya viatu, ile ya chupa yenye sponji juu, chora mistari kwenye bega la tairi pale kashata inapokutana na ubavu. Endesha raundi, rudi uangalie. Rangi ikiwa imefutika mpaka chini ya ile alama ndogo ya pembetatu, tairi inalala sana, ongeza upepo. Haijaguswa kabisa, punguza. Hii ni ya dola chache na inakwambia zaidi ya mashine nyingi. Ila wili alaimenti tafuta fundi anayekubali kufuata namba zako, maana mimi nilipeleka gari sehemu moja siitaji nikasema nataka kemba yote inayopatikana mbele, wakanirudishia imesimama wima kama ya bibi harusi wakasema ndo salama, na hela wamekula.

Kwa walioko nyumbani wanaotamani: Miata kwa Japani inauzwa kwa jina la Roadster, usukani uko upande wetu, na ile ya ND ya kitambaa kule ilianza na injini ya 1.5 yenye nguvu 131. Msiidharau, ni nyepesi kuliko ya lita 2, nyingine ziko chini ya tani moja, na kwa koni ningeitaka hiyo. Kenya gari iliyozidi miaka minane haiingii kwa hiyo zile za mataa ya kufumbua sahauni isipokuwa zilizoko tayari, Bongo inaingia lakini ushuru wa uchakavu utakusalimia bandarini, upige hesabu kabla hujatuma hela. Iko chini, tuta la mtaani unalipita kwa ubavu. Na kimo: ukizidi futi sita na inchi mbili hivi, usinunue kwa picha, kaa kwanza ndani paa limefungwa na helmeti iko kichwani, ikigonga juu nenda 86.